Donda ndugu ni jina moja, vidonda ni vingi: jinsi ya kutambua na kutunza kidonda cha mguu

Kidonda cha mguu kikipitisha wiki sita bila kufunga, huku kwetu Tanga watu hukiita donda ndugu, na jina likishatoka ni kama hukumu imesomwa. Mgonjwa anaambiwa amekanyaga kitu kibaya, anazungushwa kwa waganga, kisha anarudi kwetu mwaka umepita, mguu unanuka na mbuzi wawili wameshauzwa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha kufungia vidonda. Kinachoniuma zaidi si safari ya kwa mganga. Kinachoniuma ni kwamba hata sisi tuliosomea kazi hii tunaweza kukisafisha kidonda mara mia, tukakifunga gozi mpya mara mia, bila mtu kuuliza kimeletwa na nini.

Kidonda kinachokataa kupona kina kitu kinachokizuia. Pengine damu haipandi kurudi moyoni, pengine haishuki kufika mguuni. Pengine mguu una ganzi. Pengine ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au kijidudu fulani, au saratani. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba inayomponya mmoja inaweza kumpotezea mwingine mguu. Ndiyo maana mwongozo huu, niliomwandikia mgonjwa, ndugu anayemuuguza na mhudumu wa afya wa kijijini, unaanza na kutambua. Gozi na dawa vitakuja baadaye.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujafungua gozi

Kaa karibu na mgonjwa, msalimie, muulize kidonda kilianzaje: kwa mkwaruzo, kwa kiatu, kwa kipele, au kwa uvimbe uliopasuka wenyewe. Muulize kama ana kisukari au presha, kama anavuta au aliwahi kuvuta sigara, kama kwao kuna selimundu. Mwanamke muulize kama mguu uliwahi kuvimba ghafla wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mshipa ulioharibika miaka kumi iliyopita unaweza kuleta kidonda leo.

Halafu muulize swali ambalo mimi nalithamini kuliko yote: "Usiku mguu ukikuuma, unafanyaje?" Mwenye tatizo la mishipa ya kurudisha damu, yaani vena, atasema anauinua juu ya mto na anapata nafuu. Mwenye tatizo la mishipa ya kuleta damu, yaani ateri, atasema anaushusha kando ya kitanda unaning'inia, au analala amekaa kwenye kiti. Mwenye ganzi ya kisukari atakuambia hauumi kabisa, na hapo ndipo pa kuogopa.

Hatua ya 2: Tazama kilipo na kinavyofanana

Kidonda kilicho upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya fundo, mara nyingi ni cha vena. Cha ateri hupenda ncha za vidole, juu ya wayo, fundo la upande wa nje na muundi. Cha kisukari huwa chini ya unyayo pale panapobeba uzito, kwenye kisigino, au mahali kiatu kinapobana. Selimundu hupiga kwenye mafundo yote mawili, ndani na nje.

Tazama kingo zake, kina chake, na kama kinatoa majimaji au ni kikavu. Neno moja kuhusu rangi: vitabu vingi vya uuguzi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa. Weka mgongo wa kiganja chako uone kama pana joto, tazama ngozi kama imekaza na kung'aa, linganisha na mguu mwingine.

Hatua ya 3: Shika mguu, tafuta mapigo

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa mguu. Kuna mapigo mawili ya kutafuta. La kwanza liko juu ya wayo: fuata nafasi iliyo kati ya mfupa wa dole gumba na wa kidole cha pili, panda nayo kuelekea fundo mpaka katikati ya wayo. La pili liko nyuma ya fundo la upande wa ndani. Weka vidole viwili au vitatu, bonyeza taratibu sana, subiri. Ukikandamiza unaliua pigo lenyewe, na ukitumia kidole gumba utahesabu pigo lako ukadhani ni la mgonjwa.

Ukiyapata yote mawili yakiwa na nguvu, ni dalili njema. Usipoyapata, au mguu ni wa baridi kuliko mwenzake, au ukibonyeza kucha weupe unachukua zaidi ya sekunde 3 kuondoka, mchukulie mgonjwa kuwa damu haifiki mpaka apimwe. Hospitali zenye vifaa hulinganisha presha ya kwenye fundo na ya mkononi kwa mashine ya Dopla. Fundo likipata 0.8 ya mkono au zaidi, bila kupita 1.3, kwa kawaida mguu unaweza kubanwa kwa bandeji. Chini ya hapo inahitaji uamuzi wa mtaalamu, na chini ya 0.5 ni hatari kubwa. Kwa mgonjwa wa kisukari kipimo hiki kinaweza kudanganya, kwa sababu ateri zake zimekakamaa na namba inatoka kubwa kuliko hali halisi.

Hatua ya 4: Pima ganzi kwa kidole

Hakihitajiki kifaa chochote. Mgonjwa avue viatu, afumbe macho. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada gusa kidogo tu, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya dole gumba, ya kidole cha katikati na ya kidole cha mwisho. Fanya hivyo miguu yote miwili, jumla mara sita. Usisukume wala usipapase. Kila anapohisi aseme. Asipohisi mara mbili au zaidi, miguu ina ganzi na inahitaji ulinzi hata kama haina kidonda. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na mke anaweza kumpima mumewe barazani.

Kidonda cha vena: mguu uliojaa maji

Mama mmoja anayekaanga mihogo, kutwa amesimama mbele ya karai tangu alfajiri, alikuja na kidonda cha miaka mitatu. Kilikuwa juu ya fundo la ndani, kipana kama kiganja cha mtoto, chepesi kwa kina, kingo zimeteremka taratibu, kinatiririsha maji hadi kanga imelowa. Ngozi ya kuzunguka ilikuwa nyeusi kuliko kwingine, ngumu kama gome, na nyuma ya goti mishipa imevimba imejipinda. Alishapaka ile dawa ya zambarau, alishamwaga unga wa kapsuli za rangi mbili, alishameza dawa za kuua vijidudu dozi asizozikumbuka. Nilipomaliza kumweleza aliniambia, "Mwanangu, miaka mitatu napewa dawa. Hakuna aliyeniambia niinue mguu."

Ndani ya vena kuna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini. Vikilegea, kwa kusimama sana, uzito, mimba nyingi au damu kuganda, damu inatuama mguuni, maji yanavuja kwenye nyama, na ngozi inachakaa mpaka mkwaruzo mdogo unageuka kidonda. Hakuna mafuta ya kupaka yanayoweza kuisukuma damu hiyo ipande. Kinachoisukuma ni bandeji ya kubana.

Yakishapatikana mapigo yote mawili, au Dopla imeruhusu, funga hivi. Fanya asubuhi kabla mguu haujavimba. Kidonda kikishasafishwa na kuwekewa gozi, zungushia pamba, ukiongeza kwenye mfupa wa muundi na mafundo ili visichubuke. Wayo ukae wima kama mtu aliyesimama. Anza kwenye mashina ya vidole, pita kisigino bila kukiacha wazi, panda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kwa mvuto ule ule, mpaka vidole viwili chini ya goti. Usianzie kwenye fundo, vidole vitavimba. Usikaze zaidi juu kuliko chini. Ukimaliza mgonjwa atembee dakika kumi, kisha tazama vidole: vikifa ganzi, vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kuuma sana, fungua mara moja.

Akiwa amekaa, mguu uwe juu kuliko moyo, nusu saa mara tatu au nne kwa siku. Kuuweka kwenye kigoda akiwa amekaa wima hakutoshi. Usiku weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo na hupata shida ya kupumua akilala. Mara kadhaa kwa siku asimame ashike ukuta, ajiinue kwa vidole na kushuka: shavu la mguu ndilo pampu ya damu hiyo. Yule mama aliendelea kukaanga mihogo, ila alipata kiti kirefu na binti wa kumpokea mchana. Kidonda kilifunga katika mwezi wa tano wa kubanwa. Kwa wengi wanaobanwa ipasavyo huchukua miezi 3 hadi 6. Penye wataalamu wa mishipa, vena mbovu inaweza pia kuzibwa au kutolewa, na kidonda hupona upesi zaidi.

Kwa Waislamu kuna jambo linalowakatisha tamaa: udhu. Nimeona wagonjwa wanafungua bandeji mara tano kwa siku waoshe mguu, na kidonda hakiwezi kupona hivyo. Wanazuoni wameruhusu mwenye jeraha kupangusa juu ya bandeji kwa mkono wenye maji. Muulize shekhe wa msikiti wako, atakuelekeza namna yake.

Kidonda cha ateri: usibane

Mzee mmoja, mvuvi mstaafu aliyevuta sigara miaka arobaini, aliletwa na wanawe. Mguu ulikuwa umevimba, na mahali fulani alifungwa bandeji ngumu kwa sababu ya uvimbe huo. Hakuna aliyeshika mapigo. Laiti angeulizwa lile swali la usiku, angesema kwamba kwa miezi miwili hajalala kitandani, analala kwenye kiti miguu chini, ndiyo maana umevimba. Tulipofungua, vidole vitatu vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi. Alikatwa chini ya goti.

Kidonda cha ateri ni kidogo, cha duara, kimechimbika kana kwamba kimetobolewa kwa patasi. Sakafu yake imepauka au ni nyeusi, kikavu, hakitoi damu ukikigusa. Ngozi ya mguu inang'aa, vinyweleo vimepotea, kucha zimekuwa nene. Kabla ya kidonda, mgonjwa alikuwa akitembea hatua kadhaa shavu la mguu linabana, anasimama, linaachia, anaendelea.

Huyu asibanwe, asiinuliwe mguu, asikandwe kwa maji moto. Kidole kilichokauka na kuwa cheusi usikilowanishe wala usikikate: kifunike kwa gozi kavu. Aache sigara leo, si Jumatatu. Kisha apelekwe haraka hospitali ya rufaa yenye upasuaji wa mishipa, maana njia ya damu ikifunguliwa mapema mguu unaweza kubaki. Maumivu ya mguu yasiyokoma hata akipumzika hayasubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kidonda cha kisukari: hatari isiyouma

Huanza na sugu. Sukari iliyokaa juu miaka inaua mishipa ya fahamu, unyayo hauhisi, mtu anakanyaga pale pale kila siku mpaka chini ya sugu nyama inaoza. Ukiona doa jeusi ndani ya sugu, kidonda kimeshaingia. Nimewahi kumvua mgonjwa kiatu nikakuta msumari umepenya soli, na yeye ametembea nao kutoka nyumbani.

Tiba yake kubwa ni kuuondolea mguu uzito. Gozi ya bei mbaya haifanyi kitu kama mgonjwa anaendelea kukikanyaga kidonda. Atumie magongo, au akipata mahali pa kuwekewa plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, iliyotengenezwa kugawa uzito, awekewe. Sugu na nyama iliyokufa vikatwe na mtaalamu, si kwa wembe nyumbani. Sukari ishushwe. Na mapigo yatafutwe kwake pia, kwa kuwa kisukari huziba ateri vilevile. Kijiti cha daktari kikigusa mfupa ndani ya kidonda, yaelekea vijidudu vimefika mfupani, na hapo dawa ni za wiki nyingi.

Kinga ni ya kila siku. Tazama nyayo jioni kwa kioo, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, pima maji ya kuoga kwa kiwiko, usiote moto wa jiko miguu mbele. Na panya: madaktari wa Dar es Salaam wameandika katika majarida ya kitabibu juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wakagundua asubuhi kwa damu. Chomeka chandarua vizuri na usilale karibu na chakula.

Ukoma nao huleta kidonda cha unyayo kisichouma. Ukiona mabaka yaliyofifia yasiyohisi mguso, nenda kituo cha afya. Dawa zake ni bure.

Vingine vya kuvijua

Kidonda cha selimundu kinauma sana kuliko ukubwa wake, kinapona polepole na hurudi. Maumivu yatibiwe kwa uzito unaostahili. Kijana asiambiwe anadeka. Apumzishe mguu, abanwe bandeji kama mapigo yapo na anaivumilia, na aendelee na kliniki yake, kwa sababu upungufu wa damu huchelewesha kupona.

Mtoto wa shamba aliyekwaruzwa muundi, baada ya siku chache kidonda kikapanuka upesi, kikauma na kunuka, huenda ana kile kidonda cha nchi za joto ambacho wazee hasa ndicho walichokiita donda ndugu. Kinahitaji dawa za kuua vijidudu mapema, usafi na lishe.

Kama kilianza na uvimbe mdogo usiouma chini ya ngozi, ukapasuka, na kingo zimeachana na nyama hivi kwamba kijiti cha pamba kinapenya chini yake, fikiria kidonda cha Buruli, hasa kwa mtoto, na hasa Kongo au Uganda. Jina limetoka eneo la Buruli, Uganda, Nakasongola ya leo. Kijidudu chake ni jamaa wa wale wa kifua kikuu na ukoma, na sumu yake inaua nyama na hisia pamoja, ndiyo maana hakiumi. Kinatibiwa kwa rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo anavyoepuka kisu.

Kidonda kilichoota juu ya kovu la zamani la moto, au cha miaka mingi ambacho kingo zimeanza kuinuka na kuota kama koliflawa, kikatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe saratani. Wenye ualbino wasisubiri hata hiyo miaka.

Kusafisha na kufunga nyumbani

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, yaache yapoe. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kinatosha nusu lita. Gozi iliyogandia iloweshe mpaka iachie yenyewe, maana ukiivuta unang'oa ngozi mpya ya wiki nzima. Mwagia maji kidonda chote, pangusa kwa gozi safi, kausha ngozi ya pembeni, ipake mafuta ya mgando isilainike kwa majimaji. Weka gozi isiyogandia, kama ile yenye mafuta, kisha ya kunyonya maji.

Spiriti na dawa zinazotoa povu zinaua vijidudu, lakini zinaua pia nyama inayoota. Unga wa kapsuli, dawa ya meno, unga wa betri, kinyesi cha ng'ombe, majani yaliyopondwa: visiingie. Kinyesi kinaweza kubeba pepopunda, na chanjo yake iulizwe kwa kila mwenye kidonda. Si kila kidonda kinahitaji antibiotiki. Kila kidonda cha siku nyingi kina vijidudu juu yake. Dawa inahitajika pale panapokuwa na joto, uvimbe unaotambaa, usaha, maumivu yanayozidi au homa.

Kula dagaa, maharage, mayai, mapera na machungwa. Anayepoteza majimaji kila siku anapoteza protini nayo.

Wahi hospitali siku hiyo hiyo

Mguu ukibadilika ghafla ukawa wa baridi na kuuma, usingoje kesho. Vivyo hivyo homa na kutetemeka, weusi unaotambaa, malengelenge yenye maumivu makali kuliko yanavyoonekana, ngozi inayolia kama karatasi ukiibonyeza, au shavu la mguu mmoja lililovimba ghafla na kuuma. Kwa mgonjwa wa kisukari, harufu mpya au uvimbe wowote wa wayo unatosha.

Pima kila wiki

Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima urefu na upana bila kuigusisha kwenye nyama, andika na tarehe kwenye daftari. Picha ya simu yenye rula kando inasaidia. Baada ya wiki 4 za matunzo sahihi, kidonda kinachokwenda vizuri huwa kimepungua karibu nusu. Kama hakijapungua, usibadilishe dawa ya kupaka. Rudi hatua ya 1, uliza upya, shika mapigo upya, na uombe rufaa.

Kikishafunga, mwenye vena avae soksi za kubana kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, azivue wakati wa kulala, na anunue mpya kila baada ya miezi kama 6 maana zinalegea. Mwenye kisukari avae viatu vyenye nafasi, alivyonunua jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba.